Faili Zilizolazwa kwa Mjomba Alute

Ukitoka stesheni ya Manyoni ukashika njia ya sokoni, kabla hujaifikia mashine ya kukamua alizeti, utaliona taruma la reli, gogo la kulalia vyuma, limelazwa juu ya mawe mawili. Hicho ndicho kijiwe chetu. Reli ilipoanza kupunguza watu, wenye vyeo waliondoka na viinua mgongo, na taruma hili lililobeba mabehewa miaka yote likaachwa vumbini kama lilivyo. Shukuru akaweka jiko lake la mkaa pembeni, akabandika birika la kahawa, na tangu hapo mji mzima unahukumiwa hapa kila alasiri, upepo ukitupigia vumbi jekundu usoni. Jumamosi ile wanywaji walikuwa watatu. Mzee Urbano tunamwita Injini, kwa sababu aliendesha treni mpaka siku alipoambiwa apumzike. Paulo tunamwita Redio Mbao, maana habari humfikia kabla haijatokea. Wa tatu ni Chediel, karani wa halmashauri, baba yake Luciana. Tangu anunue kompyuta na kuiweka sebuleni, kijiwe kilimbandika jina la Mkurugenzi, kwa mzaha, na yeye, Mungu amsamehe, alilipokea bila kucheka.

Siku hiyo Mkurugenzi alikaa upande. Alikuwa ameipa mgongo nyumba ya jirani yake Sostenes, ile ya pili kutoka kijiweni, yenye dirisha la wavu. Kahawa ilikuwa ikimpoa mkononi.

— Mkurugenzi, — alianza Redio Mbao, — shemeji nimemwona anaingia kwa Sostenes.

— Ameenda kwa Mama Belinda. Wana kazi za kanisa.

— Na jana?

— Kazi za kanisa.

— Kazi za kanisa zinapigwa kwenye kompyuta ya Sostenes?

— Wewe Paulo, kunywa kahawa yako.

— Nakunywa, bwana. Nauliza tu. Kwani ile ya kwako imekufa?

— Haijafa!

— Imelala, — alisema Shukuru huku akipuliza mkaa. Chediel akamkata jicho, Shukuru akajifanya anatafuta kashata.

Haikuwa imekufa, ila ilikuwa nzito, na hilo ndilo lililomnyima Chediel usingizi. Yeye na Sostenes walinunua siku moja, kwa kijana mmoja pale Dodoma, mashine mbili za mtumba zilizofanana mpaka michubuko. Zilirudi kwenye paa la basi moja, zimefungwa kamba moja. Chediel aliuza fahali aliyeletwa kutoka kwao Nduguti. Alimwahidi mkewe Loyce, katibu wa umoja wa wanawake kanisani, kwamba hatakwenda tena kuomba kupigiwa chapa kwa watu. Miezi ya mwanzo ilikuwa mizuri. Loyce alikaa pale sebuleni jioni akibofya kidole kimoja kimoja, na Chediel alikaa nyuma yake akijifanya anasikiliza taarifa ya habari, kumbe anamtazama yeye.

Kisha mashine ikaanza kuchechemea. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Loyce akavumilia, akavumilia, halafu siku moja mezani, mbele ya watoto, akasema kwa upole kabisa: «Kwa Baba Belinda inafunguka kabla uji haujapoa.» Neno hilo lilimwingia Chediel kama mwiba wa mgunga.

Tusimsingizie. Hakudhani mkewe ana jambo na Sostenes. Sostenes ana kitambi na anakoroma hata akiwa macho, na Agripina mkewe, ndiye huyo Mama Belinda, habanduki pale sebuleni. Wivu wa Chediel ulikuwa wa namna nyingine, na ulimuuma zaidi. Loyce akirudi kutoka nyumba ile alikuwa anaimba. Akiwa nyumbani haimbi. Ndicho kitu alichoshindwa kukimeza.

— Mimi nitakwambia tatizo, — alisema Injini, akaweka kikombe chini. — Ile mashine unaiwasha ikiwa baridi. Injini yoyote lazima ipashwe. Sostenes anaiwasha alfajiri, anaiacha ijipashe, mkeo akifika saa nane inateleza yenyewe.

— Mzee wangu, kompyuta haina mvuke.

— Ina feni, haina? Kitu kisichopata moto unakiwekea feni ya nini?

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hoja ilikuwa nzito.

— Hapana, — Redio Mbao akaruka. — Suala ni umeme. Tazameni nguzo. Umeme unatoka huku stesheni, unafika kwanza kwa nani? Kwa Sostenes! Anakunywa ule wenye kasi. Wewe Mkurugenzi unapelekewa makapi.

— Na taa zangu mbona zinawaka sawa na zake?

— Taa haina haraka. Kompyuta ndiyo yenye haraka. Aliyetangulia kisimani hunywa maji maenge.

Chediel alitaka kucheka, lakini macho yake yakapanda yenyewe mpaka kwenye nguzo, yakafuata waya, yakaona kweli unaanza kwa Sostenes. Wivu ukishakaa ndani, hata waya wa umeme unaupa ushahidi.

— Mimi naona ni kile kitambaa, — alisema Shukuru.

— Kitambaa gani?

— Kile cha kufuma ulichoifunika nacho, Baba Luciana, chenye maua. Inakosa hewa. Si wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako?

— Wahenga hawakusema habari za vitambaa vya kompyuta!

— Wangekuwepo wangesema.

— Haraka haraka haina baraka, — Injini akamfariji. — Labda ya kwako ndiyo nzima, na ile ya Sostenes ndiyo mbovu, inakimbia bila breki.

Faraja hiyo ilimuumiza Chediel kuliko dhihaka. Kutoka nyuma yake, kwenye lile dirisha la wavu, kicheko cha Loyce kilisikika. Kilikuwa kifupi tu, kicheko cha mtu aliyefanya kosa dogo na kulirekebisha papo hapo. Chediel akakibana kikombe mkononi kana kwamba ni cha karatasi.

— Sikilizeni, — Redio Mbao akashusha sauti, akasogea katikati ya taruma. — Mashine mbili, sura moja, zimesafiri zimefungwa kamba moja. Hao ni mapacha. Mmoja akinenepa, mwenzake anakonda. Sostenes amegundua siri hiyo. Kila mwisho wa mwezi anailisha ya kwake.

— Anailisha nini?

— Mimi nijue? Lakini mwisho wa mwezi anafunga mlango, anaiacha inaunguruma peke yake, yeye anakwenda shamba. Agripina mwenyewe alisema kisimani. Akirudi, mashine ni mpya. Bwana, mashine inafanya kazi na hakuna mtu aliyekaa mbele yake! Hiyo utaiitaje?

Hapo Chediel akashindwa kuvumilia. Alijua ni kitu gani, na kukijua ndiko kulikomtoa kwenye tahadhari.

— Hiyo si dawa wala nini. Ni kukusanya vipande. Yule kijana wa Dodoma alituonyesha wote wawili.

— Vipande vya nini?

— Vya kazi zako, mzee. Unapoweka kitu ndani, kuna diski humo inayozunguka. Mashine inatupa kipande palipo na nafasi, kingine kule, kingine huku. Siku ukikitaka kitu chako, inahangaika kuokota kimoja kimoja. Ndiyo uzito huo. Kwa hiyo akasema, kila mwezi mmwage kwanza takataka zilizo kwenye pipa lake, mkague diski kama ina jeraha, halafu mwiamrishe ikusanye vipande vikae pamoja. Ikishakusanya, haihangaiki tena.

— Ala! — Injini akajipiga gotini. — Si kupanga mabehewa huko! Behewa moja Saranda, moja Itigi, jingine Aghondi, utaondoka saa ngapi? Unayavuta yote stesheni moja, unafunga, unapiga honi. Mbona jambo lenyewe jepesi hivyo?

— Jepesi.

— Na Sostenes anafanya?

— Kila mwezi.

— Na wewe?

Chediel alisogeza kofia yake. Kwa mara ya kwanza siku ile aligeuka akawatazama vizuri, na usoni mwake kulikuwa na fahari kidogo.

— Mimi si mjinga.

— Maana yake?

— Niliiamrisha mara moja. Ikaleta vijumba vidogo vya rangi, vimetapakaa skrini nzima. Nikaona ni vingi, nikafurahi. Kumbe nina mali! Halafu vikaanza kuhama. Kimoja kimoja, vinapangwa mbele, mstari mmoja, peupe, mtu yeyote akipita mlangoni anaviona vyote. Nikachomoa waya ukutani.

— Ukachomoa!

— Nikachomoa. Mzee Urbano, wewe ni mtu mzima, nihukumu. Marehemu baba yangu kule Nduguti alikuwa na ng'ombe. Wangapi? Hakuna aliyejua. Hawa kawalaza kwa Mjomba Alute, hawa kwa Shangazi Rahabu, wengine kwa rafiki yake Filipo ng'ambo ya mto. Ukifika kwetu unamwona mtu wa kawaida. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yanabaki. Mwenye jicho baya anahesabu, anakosa cha kuhesabu, anarudi kwake. Mwanamume akikusanya mali yote zizi moja amewapigia filimbi wachawi. Leo kijana wa Dodoma, hana hata mbuzi, ananiambia kusanya?

— Lo! — alisema Redio Mbao, na safari hii hakuwa anamdhihaki.

— Kwa hiyo mimi natawanya. Barua moja naiweka mahali panne. Nimefungua na folda: hii nimeiita Mjomba Alute, hii Shangazi Rahabu, hii Filipo. Mtu akikaa pale, hata awe Sostenes mwenyewe, hajui cha nani kiko wapi.

— Na kazi za shemeji?

— Hizo ndizo za kwanza kutawanywa. Ndizo zinazotafutwa.

— Na lile pipa la takataka, unalimwaga?

— Samadi haitupwi, Paulo. Wewe umekulia wapi?

Kijiwe kilimtazama kwa macho mapya. Injini alitikisa kichwa polepole, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga ibada:

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Tezi ni nini, mzee? — aliuliza Shukuru.

— Sijui. Lakini hapa ndipo mahali pake.

— Basi mimi sasa nimeelewa, — Redio Mbao akasimama kabisa. — Mkurugenzi anatawanya, si ndiyo? Sostenes anakusanya, si ndiyo? Na waya ni mmoja, nguzo ni moja! Jamani, vipande vya Mkurugenzi vinapita kwenye waya vinakusanywa kwa Sostenes! Ndiyo maana kule kunajaa na huku kunakuwa kuzito! Na shemeji ameenda kufanya nini kule? Amefuata vyake!

Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini maneno ya mwisho yalimchoma Chediel mahali asipopatarajia. Amefuata vyake. Alikumbuka Loyce mwezi mmoja uliopita, amekaa mbele ya skrini anatafuta mihtasari ya vikao vya akina mama, anafungua hapa, anafungua pale. «Baba Luciana, niliiweka hapa jana.» Na yeye, amekaa nyuma yake, alijua ilipo na hakusema. Alifikiri anamlindia. Loyce akazima mashine, akakitandaza kitambaa cha maua juu yake, akakinyoosha pembe zote nne. Kesho yake ndipo alipoanza kwenda kwa Mama Belinda.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Mwanamke kijana alikuwa amesimama karibu na jiko, dumu la maziwa mkononi. Hawakumjua. Akajieleza mwenyewe: anaitwa Dorika, mzaliwa wa Kintinku, ameolewa majuzi huku nyuma ya stesheni, na ameanza kupeleka maziwa majumbani.

— Namtafuta Baba Luciana.

— Ndiye huyu, Mkurugenzi mwenyewe, — alisema Redio Mbao.

— Nimebisha hodi kwako, baba, hakuna mtu. Mama aliniagiza maziwa. Sijui nimwachie nani.

Chediel alifungua mdomo, akaona aibu kusema mke wake yuko wapi. Shukuru, kwa huruma, akamwekea mgeni kahawa. Dorika akaipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Redio Mbao hakuweza kujizuia. Hajawahi kuona sikio jipya akaliacha bure. Akamsimulia yote: mashine mbili, kamba moja, uzito, vipande, ng'ombe wa Nduguti, folda za wajomba na mashangazi, samadi isiyotupwa. Alimsifu Chediel mpaka jasho likamtoka.

Dorika alisikiliza, akamaliza kikombe.

— Mimi kompyuta siijui, baba zangu. Ng'ombe ndio nimekulia. Kwetu pia wanalazwa kwa watu. Na aliyelaziwa ndiye anayekamua, maziwa ni yake.

— Haswa, — alisema Injini. — Ndiyo desturi.

Dorika akamgeukia Chediel, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

— Sasa, baba, wa kukamuliwa nyumbani ulimbakiza yupi?

Injini aliitafuta methali, midomo ikacheza, methali haikuja. Redio Mbao alitazama nguzo ya umeme, akatazama chini. Chediel aliiona nyumba ya baba yake kule Nduguti, mlangoni kabisa, ng'ombe mmoja mweusi mwenye pembe iliyovunjika ambaye hakuwahi kulazwa kwa mtu yeyote. Baba alitawanya wote, lakini yule alikuwa wa mama. Kibuyu cha mama hakikukauka hata siku moja. Miaka yote hiyo Chediel alihesabu waliotawanywa, akamsahau aliyebaki.

Shukuru aliinamisha birika juu ya kikombe cha Mkurugenzi. Yakatoka machicha.

— Imekwisha, wazee wangu.

Chediel akasimama.

— Nipe hilo dumu, binti. Nitampelekea mwenyewe.

— Nyumbani?

Chediel alilibeba, akakata njia kuelekea kwenye dirisha la wavu, na alijua macho manne ya kijiweni yanamsukuma mgongoni, na ya Shukuru pia. Hatua zilikuwa chache lakini zilimuwia nzito. Alipiga hodi kwenye mlango wa mtu ambaye alikuwa hajamsalimia vizuri mwezi mzima.

Loyce ndiye aliyefungua. Alishtuka.

— Kuna nini? Mtoto anaumwa?

— Hapana. Maziwa yako.

Alimtazama yeye, akalitazama dumu. Nyuma yake Agripina alisalimia, na Chediel akaitikia bila kumwona, kwa sababu jicho lake lilikuwa limepita bega la mkewe na kutua kwenye mashine ya Sostenes. Haikuwa na kitambaa. Maandishi yalikuwa yamejipanga, yanangoja. Wivu ukampanda tena, wa moto vilevile, na safari hii hakuuficha wala hakuupa jina jingine.

— Mama Luciana, — alisema, — ile mihtasari yako iko kwa Mjomba Alute.

— Unasema?

— Mihtasari. Niliilaza kwa Mjomba Alute. Na majina ya wajumbe wa mkutano wa Kilimatinde yako kwa Shangazi Rahabu. Mengine kwa Filipo. Nilikuwa... nilikuwa nakulindia.

Chediel alingoja kicheko, akangoja ugomvi, vyote angeviweza.

— Unanilindia na nani? — aliuliza.

Baada ya lile la Dorika, hili lilikuwa la pili kwa siku moja, na kahawa ya kujifichia ilikwisha.

— Njoo nyumbani, — alisema. — Tuwarudishe. Tukae pamoja, tuikusanye usiku huu, sitachomoa waya. Kesho uone kama haitafunguka kabla uji haujapoa.

Loyce alishika mlango. Usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho hakikuwa hasira wala furaha. Akarudi ndani, akakaa kwenye kiti cha watu.

— Ngoja nimalize ukurasa huu, — alisema bila kugeuka.

Akangoja. Alisimama mlangoni kwa Sostenes, dumu la maziwa likimkata vidole, akisikiliza vidole vya mkewe vikikimbia kwenye mashine ya mtu mwingine. Havikuwa tena vya kubofya kimoja kimoja. Alikuwa amejifunza, na alikuwa amejifunzia huku.